Heshima ya Malenga Isingoje Kaburi

Nalifika Managua, mji mkuu wa nchi ya Nicaragua, mwezi wa Mei mwaka 2017, siku tatu kabla ya mvua ya kwanza. Joto lilikuwa la kumtoa nyoka pangoni. Kila niliyemsalimu alitazama juu kwanza, kisha ndipo akaniitikia, kwani ardhi ilikuwa imekauka tangu Novemba na watu walikwisha choka na vumbi. Wenyewe huigawa miaka yao sehemu mbili tu. Miezi ya ukavu huiita kiangazi, na miezi ya mvua, tangu Mei hata Oktoba, huiita majira ya baridi, ingawa baridi yenyewe hakuna na jasho halikomi. Jina hilo waliliacha Wahispania, waliokuja na majira ya kwao midomoni. Nikashukuru kwamba sisi wa Pwani twahesabu mwaka wetu kwa pepo zetu wenyewe, kaskazi na kusi.

Lakini, nduzangu wasomaji, ugeni wangu ulipungua pale nilipoona mti. Ni ule mti wa maua mekundu kama moto, unaopandwa kando za njia hapa Mombasa na Malindi, ambao huku kwetu huchanua mwaka unapokaribia kwisha. Kule huitwa malinche, nao huchanua wakati huo huo mvua inapobisha hodi. Asili ya mti huo ni kisiwa cha Bukini, yaani Madagaska, katika bahari yetu hii. Nikasimama chini yake kama mtu aliyekutana na jirani yake ugenini. Na mwuza vinywaji aliyekuwa kivulini mwake aliponipa bilauri ya maji ya ukwaju, nilikaribia kumjibu kwa Kiswahili.

Siku ya nne ikanya. Si mvua ya manyunyu, bali ya kumwagwa kwa ndoo. Mji wa Managua una vilima upande wa kusini na ziwa Xolotlán upande wa kaskazini, kwa hivyo maji yote yanayoanguka juu hushuka mbio kuelekea ziwani. Yamechimbiwa mitaro mikubwa ya wazi kupita katikati ya mitaa, na mvua ikizidi, mitaro hiyo hunguruma kama mito. Wenye nyumba za vilimani husikiliza mvua ile na kulala usingizi mtamu. Walio kando ya mitaro hukesha na watoto wao mikononi. Ama kweli mvua ni moja, lakini paa si moja. Na ziwa lenyewe lilikuwa likitiwa maji machafu ya mji tangu mwaka 1927, hata kiwanda cha kuyasafisha kilipofunguliwa mwaka 2009.

PALE PALIPOKUWA NA MTI

Jambo la pili lililonishangaza ni namna watu wanavyoelekezana njia. Managua, kwa sehemu kubwa, huendi kwa jina la barabara wala kwa nambari ya nyumba. Utaambiwa: toka mahali fulani, nenda mitaa miwili kuelekea ziwani, kisha mtaa mmoja juu. Kuelekea ziwani ni kaskazini. Juu ni mashariki, linakochomoza jua, na chini ni magharibi, linakotua. Sisi tuliosoma vyuoni, tukafundishwa kutafuta kibla kabla ya kutandika mkeka, hatuoni tabu kulifahamu jambo hilo. Mtu akishajua mji umeelekea wapi, nambari za nini?

Tabu ni kwamba mahali pa kuanzia huenda pasiwepo. Naliambiwa nianze pale palipokuwa na mti mdogo. Nikauliza mti uko wapi. Nikajibiwa kwamba mti haupo, ulikwisha zamani, lakini kila mtu anapajua.

Sababu yake ni msiba. Usiku wa manane wa kuamkia tarehe 23 Disemba 1972, zilzala iliukumba mji huo na kuubomoa moyo wake wote. Waliokufa wanakadiriwa kuwa kati ya watu 4,000 na 11,000. Misaada ikatoka kila pembe ya dunia, lakini sehemu kubwa yake iliishia mifukoni mwa mtawala wa siku hizo, Anastasio Somoza Debayle, na wenzake. Hasira ya jambo hilo ni miongoni mwa kuni zilizowasha moto uliomwondoa mwaka 1979. Mji wa kale haukujengwa tena kama ulivyokuwa. Kanisa kuu la zamani limebaki limesimama na nyufa zake, halisaliwi. Basi wenyeji wakaendelea kuelekezana kwa majengo na miti iliyomo vifuani mwao tu. Mimi niliona huo ni ushairi, japokuwa hakuna aliyeuita hivyo.

NCHI ILIYOMPA MALENGA KITI

Na ushairi kule si jambo la kando. Malenga wao mkuu ni Rubén Darío, aliyezaliwa mwaka 1867 na kufariki mwaka 1916, ambaye aliugeuza ushairi wa lugha ya Kihispania hata Uhispania yenyewe ikamfuata. Jumba kuu la michezo ya kuigiza la taifa, lililofunguliwa mwaka 1969 karibu na ziwa, lina jina lake, nalo liliishinda ile zilzala. Sura yake imechapwa katika noti za fedha. Dereva wa teksi aliyenichukua siku ya mvua, aliposikia kwamba mimi ni mtunzi, alizima redio akanighania beti za Darío kwa moyo, mkono mmoja kwenye usukani na mmoja ukipiga mizani hewani. Hapo niliona wivu, sitaficha. Ni madereva wangapi wa matatu hapa kwetu watakughania Muyaka?

Baada ya mapinduzi ya mwaka 1979, wizara ya utamaduni ilipewa mshairi, padri Ernesto Cardenal. Mwaka 1980 ikafanywa kampeni kubwa ya kufuta ujinga, na vijana wakaenda mashambani kufundisha kusoma. Yakaanzishwa mabaraza ya kufunza utunzi, ambamo wakulima, askari na mapolisi walikaa kuandika mashairi. Makamu wa rais kuanzia 1985 hadi 1990 alikuwa mwandishi wa riwaya, Sergio Ramírez. Na Rosario Murillo, aliyekuwa makamu wa rais nilipofika mimi, na ambaye tangu mwaka 2025 ni rais mwenza pamoja na mumewe Daniel Ortega, naye ni mtunzi wa mashairi mwenye diwani zake.

Nilirudi Mombasa nikiisifu nchi hiyo kila barazani. Leo nasema wazi kwamba nilisifu mapema.

Mwezi wa Aprili 2018 wananchi waliandamana dhidi ya serikali, na damu nyingi ikamwagika. Cardenal, aliyekuwa amekwisha kuwapinga wenzake wa zamani, alifariki mwezi wa Machi 2020 akiwa na miaka 95, na katika misa ya mazishi yake wafuasi wa serikali waliingia kanisani wakapiga makelele wakimwita msaliti. Mwaka 2021 ikatolewa amri ya kumkamata Ramírez, naye yuko ugenini. Mei 2022, mvua zikianza, chuo cha lugha cha taifa, kilichoanzishwa mwaka 1928, kilifutwa pamoja na jumuiya nyingine nyingi. Na Februari 2023 watu 94 walivuliwa uraia kwa mkupuo mmoja. Miongoni mwao alikuwa Ramírez, na alikuwa Gioconda Belli, mshairi mwanamke ambaye katika ujana wake aliwahi kupigania mapinduzi yale yale.

Hivyo ndivyo nchi inavyoweza kumjengea malenga aliyekufa jumba la fahari, ikamnyima malenga aliye hai hata jina la mwananchi.

Atasimama mtu aniambie: watu hao waliingia siasa kwa miguu yao, wakashika vyeo, basi wasilie wanapopigwa na siasa. Hoja hiyo ina uzito, nami siidharau. Mshairi si malaika, naye hukosea kama wengine. Lakini neno hujibiwa kwa neno. Wakati miji ya Mvita na Lamu ilipokuwa ikiwindana kwa silaha, Muyaka bin Haji na Zahidi Mngumi walitupiana beti kali, na mashairi yao tungali tunayo. Hakuna aliyemwambia mwenziwe kwamba huyo si mtu wa Pwani. Mtawala hakumpa mtu kitovu chake, basi atamvuliaje mahali kilipozikwa?

MAREJEO NI NGAMANI

Lakini mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Tusimcheke mtu wa Managua kabla hatujajitazama. Hapa kwetu, Abdilatif Abdalla, kijana wa Mombasa, aliandika mwaka 1968 waraka ulioitwa Kenya: Twendapi? Akafungwa miaka mitatu. Gerezani alitunga mashairi yaliyotoka mwaka 1973 katika diwani ya Sauti ya Dhiki. Mwaka 1974 diwani hiyo ikapewa Tuzo ya Jomo Kenyatta, yaani tuzo yenye jina la rais yule yule ambaye serikali yake ilimtia ndani. Mwenyewe akaishi ughaibuni miaka mingi. Kwa hivyo mchezo huu wa kumfunga malenga kwa mkono mmoja na kumvika taji kwa mkono wa pili, sisi tuliucheza zamani.

Wala si serikali peke yake. Sisi wenyewe wa mitaani, je? Katika Mji wa Kale wa Mombasa, na Lamu, na Pate, wako wazee na mabibi ambao vifua vyao vimejaa tungo, na daftari zao zinaliwa na mchwa chini ya vitanda. Twawaita arusini waghani, tukawapa sahani ya pilau, basi. Siku watakapofariki, tutawasomea hitima, tutatoa hotuba ndefu, na huenda njia moja ikapewa jina lao. Kisha wajukuu wetu wataelekezwa kama wanavyoelekezana watu wa Managua: pale palipokuwa na mtunzi.

Basi nasema hivi. Kila mwenye mtunzi nyumbani kwake, na akae naye mvua hizi, amwandikie tungo zake, au azinase kwa simu, naye angali hai wa kumsahihisha. Kila mwenye shilingi na anunue diwani ya mtunzi anayepumua. Na serikali yoyote, iwe ya Managua au ya Nairobi, ikitaka kujulikana kwamba inaupenda ushairi, isituonyeshe sanamu. Ituonyeshe malenga anayeipinga, naye analala kwake.

Namaliza kwa ubeti niliouandika kwenye karatasi ya tikiti, chini ya ule mti wa Bukini, mvua ikingojewa:

Malenga akiwa hai, mpeni nafasi yake,
Heshima haingojei, azikwe asisikike,
Sanamu haitetei, wanyonge wapumzike,
Mvua haichagui, na neno lisifungike.

Wabillahi tawfiki.