JIKO LA JIRANI: Konokono wa Baharini kwa Tui



Aishiye Ghuba hakosi jirani kutoka Ufilipino, na upishi wao una undugu na wetu. Sisi husema tui, wao husema gata. Na chakula kilichopikwa kwa tui hukiita ginataan. Mwezi huu tutazame wanavyompika bagongon, konokono mrefu aliyechongoka, ambaye watu wa visiwa vya Visayas humwokota katika matope ya mikoko.

Kazi kubwa ni usafi. Konokono hulowekwa usiku kucha wateme matope, kisha magamba husuguliwa na maji kubadilishwa mpaka yatakate. Aliyekwisha kufa hutupwa. Ncha ya gamba hukatwa ili hewa ipite, mlaji apate kumfyonza kwa upande wa pili.

Hukaangwa vitunguu, saumu na tangawizi, wakafuatia konokono. Hutiwa tui jepesi na mchaichai, vikachemka pamoja. Tui zito, pilipili na majani ya mlonge huja mwisho. Tui hilo likichemka mno hukatika.

Sasa lililo zito kuliko tui. Mwaka 1983, huko Samar, vijimea vya baharini vyenye sumu viliongezeka mno majini. Waliokula kombe za huko walidhurika, na wengine wakafariki. Sumu hiyo huzuia misuli ya kuvutia pumzi, wala haiondoki kwa kupikwa. Hadi leo Idara ya Uvuvi ya Ufilipino hutangaza pwani ambazo kombe zake ni marufuku. Basi wazazi, msiwaruhusu watoto kuokota na kula kombe za pwani msiyoijua habari zake. Isitoshe, wako konokono wa baharini wenye mwiba wa sumu uwezao kuua.

Ama hukumu ya kumla, wanazuoni wamehitilafiana. Kwa Mahanafi, katika viumbe vya bahari huliwa samaki tu. Mashafii wamepanua zaidi, lakini kiumbe aishiye majini na nchi kavu ana maneno yake. Muulizeni shekhe wenu. Na mkialikwa, ulizeni kwa adabu kilichomo chunguni, kwani baadhi ya wapishi hutia nguruwe katika vyakula vya tui. Jirani mwema hachukii kuulizwa.

Asiyetaka konokono na apike kamba kwa viungo hivyo hivyo, hatajuta.

Tukijaaliwa, tuonane mwezi ujao. Wassalaam.