MBELE YA SHULE, MWENDO NI WA MTOTO



Naomba nafasi katika gazeti letu la muhula huu nitoe maoni yangu juu ya jambo linalotugusa sote, walimu, wazazi na wanafunzi: namna motokaa zinavyoendeshwa karibu na shule, na namna watoto wanavyochukuliwa kwenda shuleni na kurudi nyumbani. Maoni yangu kwa ufupi ni haya: mbele ya shule, mwenye haki ya kuamua mwendo ni mtoto, wala si dereva. Nitajaribu kueleza sababu zangu.

Mji wetu wa Tabora ulikuzwa na njia. Katika karne ya 19 misafara iliyotoka Bagamoyo ilifika hapa Unyanyembe baada ya karibu miezi mitatu, na kutoka hapa njia iligawanyika, moja kwenda Ujiji, nyingine kwenda Karagwe na Buganda. Wanyamwezi walisifiwa kila mahali kwa upagazi wao. Mbele ya msafara alitangulia kirangozi mwenye kuijua njia, na ilikuwa mwiko kwa mpagazi kumpita. Hayo ni ya kujivunia. Lakini tusijidanganye, maana njia hiyohiyo ilikuwa ya pembe na ya watumwa, na mnyonge aliyeshindwa kwenda aliachwa pale pale alipoanguka. Ukubwa wa mzigo ulithaminiwa kuliko uhai wa mtu.

Reli ilifika Tabora mwaka 1912, na katika miaka yetu hii imefika lami, kutoka Nzega, kutoka Manyoni na Itigi, na kuelekea Urambo. Safari ya miezi mitatu imekuwa ya siku moja. Hii ni neema kubwa, wala simo katika wale wanaotaka turudi nyuma. Hata hivyo, kitu kimoja hakikubadilika: mtoto wa shule bado anakwenda kwa miguu, kwa mwendo uleule wa mpagazi. Barabara moja sasa inatumiwa na lori la tumbaku, basi la abiria, bodaboda, baiskeli yenye gunia la mkaa, na mtoto wa darasa la kwanza mwenye mkoba mgongoni. Ukifika msimu wa maembe hatari huzidi. Miembe yetu imesimama kandokando ya njia, na embe likianguka upande wa pili wa barabara, mtoto hatazami kulia wala kushoto, hutazama embe.

Basi tutumie kidogo elimu tunayofundishwa darasani. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inamkataza dereva kuzidi kilomita 50 kwa saa katika maeneo ya makazi. Wengi hudhani kwamba anayetii mwendo huo hawezi kudhuru mtu. Tupige hesabu. Gari la kilomita 50 kwa saa hukata mita 14 hivi kwa sekunde moja. Dereva akimwona mtoto, sekunde moja hupita kabla mguu wake haujakanyaga breki. Kisha, hata kama lami ni kavu na breki ni nzima, gari huhitaji mita 14 nyingine mpaka lisimame; jumla mita 28. Gari la kilomita 30 kwa saa husimama ndani ya mita 13 au 14 tu. Sasa mweke mtoto mita 20 mbele. Dereva wa kwanza wa kilomita 30 amesimama na kumkemea mtoto. Dereva wa pili, ambaye hakuvunja sheria yoyote, anamfikia mtoto huyo akiwa bado anakwenda kilomita 37 hivi kwa saa. Tofauti ya kemeo na jeneza ni hizo kilomita 20 tu. Ndiyo sababu mawaziri na wajumbe wa nchi nyingi waliokutana Stockholm mwezi Februari 2020 walisisitiza kilomita 30 kwa saa mahali ambapo magari huchanganyika na waendao kwa miguu.

Najua jibu la madereva, maana nimelisikia mara nyingi: "Watoto wenyewe hawana adabu barabarani." Sikatai kwamba wapo wanaocheza. Lakini mtoto mdogo hawezi kukisia mwendo wa gari linalomjia, na kimo chake ni kifupi, haoni mbele ya gari lililosimama wala hapo haonekani. Mtu mzima aliyepata leseni ndiye aliyefunzwa na kupimwa; mtoto hakupimwa na mtu. Si haki kumtaka asiyejua awe mwangalifu kuliko anayejua. Wengine huona kwamba wametimiza wajibu wao wakipiga honi. Honi si breki. Honi humwambia mtoto kwamba gari linakuja. Haimwambii akimbilie upande gani, na mara nyingi humfanya akimbilie upande usiofaa.

Nije sasa kwenye mabasi ya shule. Tarehe 6 Mei 2017 basi la shule ya Lucky Vincent ya Arusha, lililokuwa likiwapeleka wanafunzi kufanya mtihani wa majaribio, lilitumbukia korongoni huko Rhotia, wilaya ya Karatu. Walikufa wanafunzi 32, walimu 2 na dereva. Wakanusurika watoto 3. Nchi nzima ililia. Mwezi Aprili 2024, Arusha tena, basi la wanafunzi lilisombwa na maji ya mafuriko, na watoto wakafa. Sitaki kumhukumu mtu, maana hukumu ina mahali pake. Ninalosema ni kwamba aliyekabidhiwa watoto ni kirangozi wa msafara. Maji yakijaa barabarani, kirangozi mwema husimama, hata kama mtihani utachelewa. Na mwenye gari asimshurutishe dereva kwenda safari nyingi asubuhi moja, maana dereva anayekimbizwa na saa hamwoni mtoto.

Wazazi wetu nao nawaomba kwa heshima. Mzazi hununua daftari na kulichungua kurasa zake, lakini gari linalomchukua mwanawe halichungui. Na aulize: viti ni vingapi, na watoto ni wangapi? Magurudumu yana hali gani? Je, yumo mtu mzima wa kumshika mtoto mkono anaposhuka, mpaka avuke? Anayempandisha mwanawe mishikaki, watoto watatu juu ya bodaboda moja, ili aokoe nauli, na ajiulize anaokoa nini.

Shule nazo zina sehemu yao. Huko Dar es Salaam shirika la Amend lilichunguza njia wanazopita watoto wa shule za msingi, kisha likajenga njia za miguu, matuta na vivuko pale penye hatari. Kazi hiyo ilipata tuzo ya kimataifa ya miji mwaka 2019, nayo haikuhitaji mitambo ya ajabu. Ilihitaji saruji, rangi, na watu waliokwenda kutazama mtoto anapita wapi. Naona nasi tunaweza kuanza. Wanafunzi wa jiografia wachore ramani ya njia za kuja shuleni na kutia alama mahali pa hatari, mwalimu mkuu aipeleke kwa wahusika wa barabara, na wazazi waifuatilie katika mkutano wao wa muhula.

Nasi wanafunzi tusingoje wengine tu. Tuvuke pamoja, wala si mmoja mmoja. Tutazame kulia, kushoto, kisha kulia tena. Tusivuke mbele ya basi tuliloshuka mpaka limeondoka. Na sisi wa sekondari tuwashike mikono wadogo zetu wa shule ya msingi tunaokutana nao njiani. Shirika la Afya Duniani limeonyesha kwamba ajali za barabarani ndizo zinazoongoza kwa kuua vijana wa miaka 5 hadi 29. Huo ndio umri wetu, sisi tunaosoma gazeti hili.

Wahenga walisema mwenda pole hajikwai. Dereva anayepunguza mwendo kutoka kilomita 50 hadi 30 mbele ya shule, kwa umbali wa mita 300, huchelewa sekunde 15 hivi. Naona si bei kubwa. Njia ya zamani iliwaacha wanyonge wake wakianguka. Njia yetu ya leo isifanye hivyo. Aliye na maoni tofauti na yangu na aandike katika toleo lijalo, nami nitamsoma kwa furaha.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne, Tabora