Ibara ya 7 Haiishii kwa Kiswahili

Wapenzi wa Kiswahili huinukuu kwa fahari Ibara ya 7 ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, inayokitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi. Aghalabu nukuu hukomea hapo. Ilhali ibara iyo hiyo inaiagiza Serikali kukuza Lugha ya Ishara ya Kenya, Breli na njia nyinginezo za mawasiliano zinazowafaa watu wenye ulemavu. Ibara ya 35 nayo humpa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa Serikali.

Tangazo la idara ya umma likiwekwa mtandaoni kama picha ya karatasi, huenda programu ya kuwasomea wasioona isiambue neno. Asiyeona humwomba jirani amsomee, na siri yake ikawa ya watu wawili. Haki ipitiayo kwa jirani si haki tena, ni fadhila.

Wanafunzi wa Kiswahili ndio watafsiri na wahariri wa kesho katika idara hizo. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Kadhalika, kukosa macho si kukosa uraia. Anayeitetea nusu ya ibara huiacha nusu ya pili yatima.