MTOTO NJITI HAHITAJI KOPO LA BEI MBAYA, ANAMHITAJI MAMA YAKE ALIYESHIBA

Wadau, wiki hii mjini stori ni moja tu. Yule mwanadada wetu wa kwenye filamu, jina naliweka mfukoni maana yuko kwenye wakati mgumu, kajifungua kabla ya muda. Mtoto ni mdogo, bado yuko wodini, na mama mtu ameomba dua tu, basi.

Nikashuka kwenye maoni ya watu. Jamani! Nusu ya maoni ni hivi: "Si ana hela? Amuagizie maziwa ya kopo ya Ulaya, mwezi mmoja tu mtoto mashavu haya hapa." Wengine wameshaanza kuchangishana, eti katoni ya maziwa iende hospitali.

Nia yao nzuri, sikatai. Ila naomba tuambiane ukweli kama watu wazima. Hela ya kopo ndiyo hela inayotakiwa kumweka mama karibu na mtoto wake, ashibe, apumzike, akamue. Ukianza na kopo umeanza mwisho.

Tuanze na mtoto mwenyewe. Njiti ni mtoto aliyezaliwa kabla mimba haijatimiza wiki 37. Tunamwona mdogo kwa nje, lakini kazi kubwa iko ndani: mapafu, ubongo na utumbo bado vinakomaa. Huo utumbo ndio wa kuuchunga sana. Kuna ugonjwa unawapata hawa watoto, utumbo unavimba, kipande kinaweza kufa na hata kutoboka. Hapo ni kufunga kula, dawa za mshipani, pengine upasuaji kwa kiumbe cha kilo moja na kitu. Wengine hawatoki.

Watafiti wameshalinganisha. Walichukua njiti waliopewa maziwa ya kopo na njiti waliopewa maziwa ya binadamu yaliyotolewa na akina mama wengine. Wale wa kopo walipata ugonjwa huo wa utumbo karibu mara mbili ya wenzao. Na nisiwafiche, wale wa kopo waliongezeka uzito haraka zaidi wakiwa hospitali. Kwa hiyo mashavu yapo kweli. Swali ni moja: unataka mashavu ya haraka au utumbo mzima?

Sasa mama mwenyewe. Maziwa ya mwanamke aliyejifungua mapema, wiki za mwanzo yanakuwa na protini nyingi zaidi na kinga nyingi zaidi kuliko ya aliyejifungua kwa wakati. Mwili umejua mtoto kaja mapema, umemwandalia chake. Na ile dang'a, maziwa ya kwanza mazito ya rangi ya njano ambayo mabibi wengine bado wanasema ni machafu yamwagwe, ndiyo kinga yenyewe. Matone machache tu. Njiti mdogo kabisa anaanza na kiasi ambacho hakijazi hata kijiko cha chai, kinapita kwenye mrija mwembamba puani, maana kunyonya, kumeza na kupumua kwa pamoja bado hajaweza. Kwa hiyo mama anayelia "maziwa yangu hayatoshi, yametoka kidogo tu" siku ya pili, mwambieni hicho kidogo ndicho kinachotakiwa.

Tatizo linakuja hapa. Mtoto asiponyonya mwenyewe, maziwa yanakuja kwa kukamuliwa. Na kukamua ni kazi, wadau. Mama aanze mapema, ndani ya saa chache baada ya kujifungua, kisha angalau mara nane kwa siku, usiku ukiwemo. Akiruka ruka, matiti yanaelewa kwamba hakuna mteja, yanafunga duka.

Haya, piga picha. Mama kafanyiwa upasuaji, analala nyumbani Mbagala, mtoto yuko wodini mjini. Asubuhi daladala, jioni daladala. Mchana kala chapati moja na chai ya rangi. Huyo atakamua mara nane saa ngapi? Halafu nesi akimwambia maziwa yamepungua, ndugu wanakimbilia dukani kununua kopo na kusema "huyu hana maziwa." Maziwa angekuwa nayo. Alichokosa ni kitanda, chakula na usingizi.

Hili wala silisemi kutoka kichwani. Mwaka 2021 yalitoka matokeo ya utafiti mkubwa ulioratibiwa na Shirika la Afya Duniani katika hospitali tano za Ghana, India, Malawi, Nigeria na hapa kwetu, Muhimbili. Watoto wa kilo 1 hadi chini kidogo ya kilo 1.8 waliwekwa kifuani ngozi kwa ngozi mapema baada ya kuzaliwa, na wodi ikapangwa ili mama awe na kitanda chake pale pale kwa mtoto. Wakalinganishwa na waliosubiri mpaka hali itulie ndipo wabebwe kifuani. Vifo ndani ya siku 28 vilipungua kwa robo. Robo nzima! Mwaka 2022 Shirika hilo likatoa mwongozo kwamba kifuani kuanze mara moja baada ya kuzaliwa. Na mtoto akikaa kifuani maziwa nayo yanaitika, kila mkunga anajua.

Tuje kwenye hela sasa, maana ndiko mnakopenda.

Kopo la gramu 400 likikorogwa inavyotakiwa linatoa kama lita 3 za maziwa. Mtoto wa kilo 2 anatumia kama mililita 300 kwa siku au zaidi kidogo. Kwa hiyo kopo moja ni siku tisa, kumi. Akifika kilo 4, kopo hilo hilo siku nne, tano limekwisha. Chukua bei ya duka la mtaani kwenu, zidisha kwa mwezi, kisha kwa miezi sita. Ongeza mkaa au gesi ya kuchemsha maji, vikombe, na sabuni. Huyo staa wetu ataweza, sawa. Yule shabiki wake anayeuza mihogo, aliyeona kwenye simu kwamba kopo ndiyo mapenzi, ataweza mpaka lini?

Nini kinatokea hela ikikata? Kopo linaongezwa maji. Vijiko vitatu vinakuwa viwili, mtoto anashiba maji, anakonda huku tumbo limejaa. Na maziwa ya unga si kitu kisicho na vijidudu hata kopo likiwa jipya, ndiyo maana wataalamu wanataka yakorogwe kwa maji ya moto yasiyopungua nyuzi joto 70, kisha yapozwe ndipo mtoto apewe. Mtoto mwenye kinga kamili anaweza kuhimili. Njiti je?

Halafu kuna gharama ambayo haiandikwi kwenye risiti. Mtoto akipata ule ugonjwa wa utumbo, siku za wodini zinaongezeka, dawa zinaongezeka, mama hauzi genge, baba anaomba ruhusa kazini mpaka bosi anachoka. Tone la dang'a lingeokoa yote hayo, na halina bei dukani.

Najua mtakachosema. "Na ambaye kweli hana maziwa?" Wapo, tena wengi tu: mama yuko mahututi, mama kafariki, mama anatumia dawa ambazo daktari amekataza asinyonyeshe. Mama anayeishi na VVU asijiondoe mwenyewe kwenye orodha; anayetumia dawa zake vizuri ananyonyesha kwa maelekezo ya kliniki. Kwa hao wengine utaratibu unajulikana: kwanza maziwa ya mama mwenyewe, yakikosekana maziwa salama ya mama mwingine, yakikosekana hayo ndipo kopo, na daktari ndiye anayechagua kopo lipi. Kumpa mtoto kopo kwa ushauri wa daktari si dhambi, na mtu asimnyanyase mama wa watu.

Maziwa ya mama mwingine salama si yale ya kumwomba jirani. Jirani humjui damu yake. Ni ya benki ya maziwa: mama anapimwa, maziwa yanapashwa kwenye nyuzi joto 62.5 kwa nusu saa, yanapimwa, yanagandishwa. Majirani zetu Kenya walifungua ya kwanza pale Pumwani, Nairobi, mwaka 2019. Brazil wana zaidi ya 200. Kwa ndugu zetu Waislamu kuna suala la undugu wa kunyonya, na ni suala zito, lisidharauliwe. Linataka rekodi ya nani katoa na nani kapewa, na masheikh wakae mezani na madaktari tangu siku ya kwanza. Linazungumzika.

Na ninyi mastaa, nina neno. Tangu mwaka 1981 kuna kanuni ya kimataifa inayokataza kutangaza maziwa ya watoto wachanga kwa umma, na Tanzania nayo ina kanuni zake. Kupiga picha na kopo ukimpakata mwanao, umeandika "kipenzi changu hataki kingine," hilo ni tangazo hata kama hujalipwa senti. Wafuasi milioni wanakuona.

Waajiri pia. Sheria inatoa siku 84 za likizo ya uzazi, 100 kwa waliojifungua zaidi ya mtoto mmoja, na mpaka saa mbili kwa siku za kunyonyesha ukirudi kazini. Marekebisho ya mwaka 2025 yamemwongezea muda mama wa njiti. Vizuri sana. Lakini mama lishe, dada wa kazi za ndani, msusi na huyo msanii wetu hawana ofisa utumishi wa kumpelekea barua. Likizo yao ni sisi.

Kwa hiyo wale mnaochangishana, msiache. Badilisheni kapu tu. Mtafutieni mama chumba karibu na hospitali. Mtori wa moto asubuhi, ugali na samaki mchana, uji usiku. Nauli ya bajaji. Mashine ya kukamulia, kama nesi amesema inafaa na kuna pa kuisafishia. Mtu wa kubaki na watoto wakubwa nyumbani. Shangazi au baba wa kumpokea mtoto kifuani saa mbili ili mama alale, maana hata baba ana kifua. Na mkienda kumwona, msimuulize "ana kilo ngapi?" Muulizeni "umekula?"

Dada yetu, najua mtandaoni unapita hata kama hujibu. Hujachelewa. Hicho kidogo kinachotoka, peleka wodini.

Haya wadau, uwanja ni wenu. Kama umewahi kulea njiti, nini kilikusaidia kweli? Waandikie wenzako hapo chini. Matusi kaa nayo.