BUSTANI YA NYUMBANI: Mujaja hauombi maji kila siku

Kiangazi kimeshaingia. Kwenye bomba foleni ya jerikeni inaanza kabla jua halijatoka, na wazazi kadhaa wametufuata shuleni na swali moja: katika kale kabustani ka nyuma ya nyumba, kitu gani kitabaki hai mpaka mvua ya mwezi wa tisa? Lengalenga imeisha. Sukuma inatoa majani membamba kama vidole. Basi mwezi huu tunaongea juu ya mmea ambao wengi wenu mnao tayari na hamuuheshimu: mujaja.

Mujaja ni jina la Waganda, na sisi tumelizoea sokoni. Tanzania na Kenya wengi wanasema kivumbasi. Waliotoka Rwanda wana umwenya, nao kama si huu wenyewe ni ndugu yake wa karibu. Kwa Wakongomani kila kabila lina jina lake, hapo hatutaki ugomvi. Ponda jani mkononi: kama linanuka karafuu, ndio wenyewe. Mingine inanuka tofauti kidogo, lakini harufu ni kali vilevile.

Kwa nini hauwafi kama lengalenga? Lengalenga kazi yake ni kuzaa mbegu halafu inakufa. Mujaja ni mmea wa kudumu. Shina lake la chini linakomaa na kuwa gumu kama mti, mizizi inashuka, na kiangazi kikizidi unaangusha sehemu ya majani ili usipoteze maji. Hapo ndipo watu wengi wanakosea: wanaona vijiti vikavu, wanang'oa, wanatia jikoni. Usiung'oe! Kwaruza ganda la shina kwa ukucha. Ukiona kijani ndani, mmea uko hai, unangoja mvua tu.

Tuje kwenye maji, maana ndiyo yanaleta maneno hata kati ya majirani. Kipimo kinachotakiwa kwa mkimbizi katika makazi yaliyokwisha tulia ni lita 20 kwa mtu kwa siku. Nyumba ya watu sita ni lita 120, yaani jerikeni sita za lita 20. Nyinyi wenyewe mnajua ni siku ngapi mnazipata zote sita. Kunywa, kupika, kuoga, kufua, nguo za mtoto, halafu ndio bustani. Bustani inakuja mwisho, na ni haki. Kwa hiyo mmea unaotaka maji safi asubuhi na jioni ni mmea wa kumgombanisha mama na binti yake. Mujaja unataka maji ya uangalizi miezi miwili ya kwanza tu, mpaka mizizi ishike. Baada ya hapo unamwagia maji ya kusuuzia vyombo mara moja kwa wiki, jioni, kwenye shina. Tunasema ya kusuuzia. Yale ya kwanza yenye sabuni nyingi, au yenye dawa ya kufulia nguo nyeupe, mwaga mbali.

Kupanda si kazi ngumu. Mbegu ni ndogo sana, ukizifukia chini hazioti. Zinyunyize juu ya udongo laini na uzikandamize kwa kiganja. Lakini sisi tunapenda vipande, maana ni haraka. Kata tawi lisilo na maua, urefu wa kiganja na kidole, chini kidogo ya fundo la majani. Ondoa majani ya chini, bakiza machache juu. Chomeka kwenye kopo au kavera lililotobolewa chini, weka kivulini, udongo usikauke na usiwe tope. Wiki mbili au tatu hivi, vuta polepole: kama kinakataa kutoka, kimeota mizizi. Mwezi wa nane chimba mashimo, mwezi wa tisa mvua ikishika hamishia nje, hatua moja kati ya mche na mche. Mahali penye jua mchana kutwa. Pale maji yanaposimama utaoza. Funika chini kwa nyasi kavu au maganda ya maharagwe, na weka miiba kwanza, maana kuku wanapenda kuchakura hapo hapo. Mbolea usizidishe, utapata majani mengi yenye harufu hafifu.

Kazi inayosahaulika ni kukata. Ukiuacha unakimbilia juu, unapita kichwa cha mtu, unakuwa vijiti na maua. Kila ukimaliza kutoa maua, punguza theluthi moja ya urefu. Utachipua kwa chini na kuwa kichaka kizuri. Ila acha shada moja la maua kwa ajili ya nyuki.

Sasa, kuna neno tulilolisikia tukitembelea nyumba, na hatutaki kulipita. Muzee mmoja alituambia: nyinyi watoto, kupanda kitu cha miaka ni kusema hatutarudi kwetu. Yeye anapanda mahindi na maharagwe tu, vitu vya miezi mitatu au minne. Tulimsikiliza, maana wengi wanafikiri hivyo bila kusema. Lakini makazi haya ya Nakivale yalitambuliwa rasmi mwaka 1960, na kila kundi lililofika lilisema ni la muda. Kuna baadhi yetu tunaofundisha hapa ambao tulifika tumebebwa mgongoni, na leo tunashika chaki. Miaka imepita, umepanda au hukupanda. Tena mujaja si nyumba ya matofali. Siku ya kurudi, mbegu zake zinaingia kwenye fundo la kitenge, na kichaka kinabaki kwa atakayefuata. Muzee alicheka, akasema tutaona. Mkewe alichukua vipande viwili.

Wengine wanauliza: tangu posho ilipopunguzwa mwaka 2020, kila hatua ya shamba ni ya chakula, mujaja tutaula? Hapana, hamtaula. Upande pale pembeni, kwenye ukuta au kwenye kona ya mawe ambapo maharagwe hayakubali. Majani mawili matatu kwenye chai ya rangi yanaipa ladha hata sukari ikiwa kidogo. Majani yaliyokaushwa kivulini, wakulima wengi huyachanganya na maharagwe ya akiba ili kupunguza wadudu. Na kishada kibichi kinauzika sokoni.

Juu ya mbu tuseme kweli. Harufu yake inawasumbua mbu, na wazee wetu walijua. Lakini inapunguza tu, haizuii. Neti ibaki juu ya kitanda kila usiku. Wala usichome majani ndani ya nyumba iliyofungwa watoto wakiwa wamelala, moshi unaharibu vifua vyao. Mtoto akiwa na homa, kituo cha afya akapimwe siku hiyohiyo, chai ya mujaja si dawa ya malaria. Mtoto chini ya miezi sita ni maziwa ya mama peke yake, asipewe chai yoyote. Mama mjamzito asinywe mujaja uliochemshwa mzito bila kumuuliza muuguzi.

Dada mmoja aliyekuwa akijitolea pamoja nasi, sasa amehamishiwa Marekani, ametuandikia kwamba na kule wana mmea wao wa kiangazi, wanauita minti ya paka. Ni wa ukoo mmoja na mujaja, una maua ya zambarau, unavumilia ukame, unakatwa vilevile ukimaliza maua, na harufu yake nayo mbu hawaipendi. Baridi ikija unakufa juu, mizizi inabaki chini ya theluji. Ati paka wakiunusa wanagaagaa kama walevi! Mujaja wetu haujaonekana kufanya hivyo, ingawa watoto wa darasa la nne wamejaribu na paka wa jirani.

Vipande vitatolewa bustani ya shule, Jumamosi ya kwanza baada ya mvua kushika, saa tatu asubuhi. Kila nyumba vitatu. Leteni kopo lenye udongo wenye unyevu, na msiwatume wadogo peke yao, maana kipande kinafika nyumbani kimekuwa fimbo ya kuchungia mbuzi.