Mtoto Aliyeokoka Akianguka Tena

Kiangazi kikifika na maharage yakishaingia ndani, mikutano ya injili huanza, Kasulu mjini hadi vijiji vya Kibondo. Mtoto wa miaka 14 anakwenda mbele, anaombewa, anarudi nyumbani akisema ameokoka. Nyumba nzima inafurahi. Wiki tatu baadaye anauza kilo mbili za maharage ya mama yake na kuficha hela. Mzazi anafoka: "Kumbe wokovu wenyewe ndio huu?"

Neno hilo linaumiza kuliko fimbo. Mtoto anaelewa kwamba aliyoyapata mkutanoni yalikuwa bure, na kwamba safari nyingine ni afadhali afiche vizuri zaidi.

Tuangalie imani yetu inasema nini. Injili ya Mathayo inaeleza kuwa jina la Yesu lilitolewa kwa sababu angewaokoa watu wake na dhambi zao. Haisemi angewaokoa na adhabu peke yake. Kuna hatia, ambayo Mungu huifuta mtu anapotubu. Kuna pia mazoea ya dhambi, ambayo Mungu huendelea kuyang'oa siku kwa siku. Aliyeopolewa kutoka mto Malagarasi ameokoka saa hiyo hiyo, ila nguo zake bado zinachuruzika maji. Hatumrudishi mtoni kwa sababu hajakauka.

Wazee wetu wa Uamsho walilijua hili. Uamsho huo ulianzia Gahini, Rwanda, na Uganda miaka ya 1930, ukavuka mpaka na kuingia Tanganyika. Waliookoka walikutana mara kwa mara, wakaungama mbele ya wenzao, wakarudisha vitu walivyoiba na kulipa madeni. Hawakutubu mara moja wakamaliza. Walisema ni lazima kurudi msalabani kila siku. Urithi huo uliingia sana katika Kanisa la Anglikana, ambalo mwaka 1966 lilianzisha Dayosisi ya Western Tanganyika yenye makao yake Kasulu, chini ya Askofu Musa Kahurananga.

Lakini palikuwa pia na mivutano. Wengine walianika hadharani mambo yaliyowaaibisha watu wa nyumbani kwao, na wengine wakajipa kazi ya kupima nani ameokoka kweli. Tujifunze hapo.

Basi mtoto akianguka, kwanza mwite pembeni. Usilipeleke jambo lake kwa majirani wala kwenye maombi ya jumuiya kabla hujazungumza naye. Mwulize alifanya nini, kisha umsikilize amalize. Ukimkatiza kwa makofi, utapata uongo.

Pili, arudishe. Zakayo alipompokea Yesu aliahidi kuwalipa aliowadhulumu mara nne. Kama hela imeliwa, mtoto afanye kazi ya kufidia: kupalilia, kuchota maji, kuchambua maharage. Kama aliiba kwa jirani, mzazi aende naye, mtoto aseme mwenyewe. Malipo hayanunui msamaha wa Mungu. Ni matunda yake.

Tatu, omba naye, kisha jambo liishe. Akikosea mwezi ujao, usianze kuhesabu tangu maharage. Kama dhambi imesamehewa mbinguni, kwa nini iendelee kudaiwa jikoni?

La mwisho linatuhusu sisi. Mtoto anayemsikia baba akimwambia mama, "Nimekukosea, nisamehe," anajifunza toba kuliko kwa mahubiri kumi. Na asiyewahi kuwasikia wazazi wakiomba msamaha atadhani Mwokozi ni wa watoto na walevi tu.

Wiki hii, kabla ya kumuuliza mwanao kama bado ameokoka, mwulize kama kuna jambo linalomlemea. Kisha mpe nafasi aseme.