Ajali ya Msumeno Ina Kinga



Huenda mtauliza, reli na Lamu zina uhusiano gani? Ni kweli, Lamu hakuna garimoshi. Lakini mfanya kazi wa reli akienda likizo hauachi ufundi wake karakanani. Hivi karibuni mwandishi wa maoni haya alikuwa Langoni, upande wa kusini wa mji wa Lamu, akaitwa na mzee mmoja fundi seremala amtazamie mashine aliyoinunua ikiwa kuukuu. Ilikuwa msumeno wa meza, wa chuma cha kusubu, wenye sahani ya meno ya inchi 10. Upepo wa bahari ulikuwa umeujaza kutu, mkanda umechanika, na beringi zalia kama panya.

Hatusemi mashine kama hiyo itupwe. Mafundi wa Lamu wanajulikana kwa milango ya nakshi, na huko Matondoni kwa majahazi. Kupasua ubao mgumu wa mbambakofi kwa msumeno wa mkono kunamchosha mtu kabla hajashika patasi. Mashine ikimpasulia, nguvu zake zinabaki kwa nakshi, nayo ndiyo inayomlisha. Tena chuma cha kusubu hakifi upesi. Tulikisugua kwa mafuta ya taa na msasa, tukabadili beringi na mkanda, tukaondoa waya zilizoliwa na kuunga waya wa ethi. Sahani ya zamani ilikuwa na ufa mdogo, basi tuliitupa. Sahani yenye ufa haina dawa, hata ikiwa ya bei kubwa.

Lakini mashine ile ilikuwa imepungukiwa na vitu viwili: kifuniko cha juu ya sahani, na kile kisu cha chuma kisicho na meno kinachosimama nyuma yake. Muuzaji alisema havina kazi. Na mzee mwenyewe alisema, “Mwanangu, kifuniko huniziba mstari.” Mwanagenzi wake alikuwa amesimama hapo akisikiliza. Huyo ndiye atakayesukuma mbao kila siku, wala si yule aliyeuza.

Ndugu, yafaa tujue jinsi mashine hii inavyofanya kazi. Meno ya mbele hushuka kwenye meza, lakini meno ya nyuma hupanda. Ubao ukipasuliwa, mara nyingine nyuzi zake hujibana na kuishika sahani kwa nyuma. Hapo meno yanayopanda huunyanyua ubao na kuurusha kwa yule aliyesimama mbele, na mkono wake huenda ukavutwa penye meno. Sahani ya inchi 10 ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, meno yake hupita mita 40 kwa sekunde, yaani zaidi ya kilometa 140 kwa saa. Treni ya abiria ya Mombasa hadi Nairobi, iliyoanza mwaka 2017, mwendo wake ni kilometa 120. Nani kati yetu angejaribu kuizuia kwa mkono?

Kile kisu cha nyuma ndicho kinachozuia ubao usijibane. Kiwe kinene kuliko bati la sahani, lakini chembamba kuliko njia inayokatwa na meno, na kisiachane na meno zaidi ya milimita 8. Tulikichonga kwa tupa kutoka bamba la chuma. Kifuniko tulikitengeneza kwa plastiki ngumu inayopenya nuru, na mzee akauona mstari wake. Kazi hiyo ilitugharimu siku mbili tu.

Kisha tulipatana juu ya haya, nayo yanamfaa kila mwenye mashine ya namna hii:

Kwanza, ukingo wa kuongozea ubao uwe sawasawa na sahani. Tia alama kwenye jino moja, upime kutoka jino hilo hadi ukingo likiwa mbele, halafu ulizungushe nyuma upime tena. Ukingo ukibana kwa nyuma, ubao utarushwa.

Pili, futi moja ya mwisho ya ubao isisukumwe kwa mkono, bali kwa kijiti. Nawe simama kando, usisimame nyuma ya ubao moja kwa moja.

Tatu, usivae glavu wala mikono ya nguo inayoning’inia. Kikulacho ki nguoni mwako.

Nne, swichi iwe ya namna ambayo umeme ukikatika na kurudi, mashine haijiwashi yenyewe. Na kabla ya kubadili sahani, chomoa waya ukutani.

Katika karakana moja niliyofanya kazi zamani, mwenzetu alipoteza vidole viwili akikata kipande kifupi cha mwisho. Kifuniko kilikuwapo. Kilikuwa kimetundikwa kwenye msumari ukutani, kina vumbi. Watu walisema, “Ajali haina kinga.” Wahenga tunawaheshimu, lakini ajali ile ilikuwa na kinga, nayo ilikuwa hatua tatu kutoka hapo alipoanguka.

Sheria nayo iko upande wetu. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yaagiza sehemu za hatari za mashine zizungushiwe kinga imara. Mfanya kazi akiona hatari kubwa yampasa amwarifu msimamizi wake, na mwajiri haruhusiwi kumrudisha kwenye kazi hiyo kabla ya kuitengeneza. Lakini sheria hiyo hiyo yamkataza mfanya kazi kuichezea kinga aliyowekewa. Nayo sheria ya fidia ya mwaka huo huo yamtaka mwajiri awakatie watu wake bima, na yamhesabu mwanagenzi kuwa mfanya kazi kamili. Fidia ni haki yako, lakini hakuna fidia inayoshika patasi.

Basi twawaomba wanachama wote wenye karakana, au wenye jamaa walio maseremala, wafanye jambo moja juma hili. Nendeni mkatazame kifuniko kiko wapi. Kama kiko juu ya sahani, fanyeni kazi. Kama kiko ukutani, msiwashe.